Mashine Haina Moto

Jumatano, 8 Novemba 2023

Mvua imeanza rasmi, na daftari hili pia. Fundi Cornel alipotufungia draya, mashine ya kukaushia nguo, mwezi wa sita alinikabidhi daftari kwa mkono wake, akasema, "Mama Edson, kila siku uandike imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, na kama imekataa, imekataaje." Tangu siku hiyo sijaandika kitu, maana jua lilikuwepo na draya ilikuwa pambo la kuonyesha wageni. Sasa jua limekwenda zake.

Kwa atakayesoma baada yangu: mimi ni Apolonia, dobi wa kituo cha afya cha masista hapa Ibambilo. Mwaka wa kumi na tisa huu. Tuko wawili tu, mimi na Vumilia. Tunafua mashuka ya wodi zote na nguo za chumba cha upasuaji. Kabla ya draya, mvua ikija tulikuwa tunaanika mashuka kwenye kamba ukumbini, halafu tunayakaushia kwa pasi ya mkaa, moja moja. Bega langu la kulia linalijua kila shuka la kituo hiki.

Imewashwa saa mbili, imezimwa saa nane. Mashuka hamsini na manne. Salama.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua. Mashuka hamsini na mawili. Salama.

Jumatatu, 13 Novemba

Siku ndefu. Saa tisa mchana ilipiga radi moja tukasikia hadi kwenye meno, na umeme ukafa nusu. Ndivyo ulivyo umeme wa jengo letu, unaweza kufa upande mmoja, upande mwingine ukabaki. Huku kwetu taa ziliwaka, wodi ya wazazi ikawa giza. Nilizima draya kwa kuogopa radi, nikamalizia magauni ya upasuaji kwa pasi ya mkaa kama zamani.

Saa kumi na moja nilikuwa nimeshajitanda kanga niondoke, Boaz akaja mbio mlangoni, anachuruzika maji. Boaz ni mlinzi wetu, ila ulinzi ni jina tu. Ndiye anayebadilisha balbu, ndiye anayezibua mabomba, na funguo zote za kituo zinaning'inia kiunoni mwake.

"Shikamoo mama. Naomba moto. Wodini hawana, na kuna mtoto kazaliwa mdogo sana, baridi itammaliza."

Mikono yangu ilikuwa na mzigo, nikamwonyesha kwa kidevu. "Chukua."

"Hutauhitaji tena?"

"Chukua wote, mimi nimemaliza kazi."

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma, akakimbia. Nikajua kafuata koleo la kuchotea makaa. Nikaenda zangu nyumbani na mvua yangu.

Jumanne, 14 Novemba

Umeme umerudi kote. Jiko nimelikuta palepale, mkaa umekwisha kuwa majivu, hakuna aliyechota hata kipande. Boaz huyo, anamsumbua mtu bure. Nilitaka kumchamba, nikaambiwa ameaga alfajiri, ameenda kwao Runzewe likizo ya mwezi mzima, kulima.

Draya nimeiwasha saa mbili. Inazunguka vizuri, inaunguruma vizuri. Saa tatu nimefungua mlango, shuka limezunguka saa nzima na limetoka bichi. Nimerudia. Bichi tena.

Jumatano, 15 Novemba

Bado. Nimempigia fundi Cornel. Huyu mzee alifunga umeme mgodini Mwadui miaka thelathini, akastaafu, akachoka kukaa nyumbani. Sasa yuko Rwamgasa, anahudumia mota za makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ukimpigia unasikia kwanza mawe, ndipo unamsikia yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba Mama Edson. Daftari linasemaje?"

"Draya haina moto."

"Kama haina moto basi imezima kabisa."

"Haijazima, inazunguka."

"Ikizunguka, moto upo."

"Haupo, baba. Nimeweka mkono wangu mwenyewe."

"Umeweka mkono kwenye moto!" Alipiga kelele mpaka Vumilia akageuka.

Ilituchukua muda kuelewana. Kwa fundi, moto ni umeme wenyewe, ule ulio ndani ya waya. Kwangu mimi moto ni moto. "Wewe sema haina joto," akaniambia. "Ukisema moto unanichanganya." Haya, nimeandika nisisahau. Draya haina joto.

Akanieleza taratibu. Nyaya za moto zinazoingia kwenye mashine ni tatu. Mmoja unawasha swichi na kuzungusha pipa. Mbili zikisaidiana ndizo zinapasha hita. Katika hizo mbili, mmoja tu ukipotea njiani, pipa litazunguka mpaka Pasaka na shuka halitakauka. Nimtafute fundi wa Ushirombo aangalie kama zote tatu zinafika. Yeye mwenyewe hawezi kuja, ana makarasha sita na barabara imekatika.

Alhamisi, 16 Novemba

Pasi ya mkaa. Mashuka ishirini na tisa tu. Bega.

Jumamosi, 18 Novemba

Nesi Rhoda, mkuu wa wodi ya wazazi, amekuja na shuka mkononi kalishika kwa vidole viwili.

"Mama Edson, hili limekauka?"

"Limekauka kiasi."

"Nina kichanga ana wiki ya kwanza, ana uzito wa kichana kidogo cha ndizi mbivu. Nimlaze mama yake kwenye kiasi?"

Mama mwenyewe anaitwa Nyamizi, ndiye aliyejifungua siku ile ya radi. Nimelirudia shuka kwa pasi mpaka likanukia kuungua, nikalipeleka mwenyewe. Nyamizi amesema asante kwa sauti ndogo, akalishika, akaliweka shavuni. Rhoda akarudi kwa wagonjwa wake. Ana haki yake, lakini ile namna ya vidole viwili imeniuma siku nzima.

Jumanne, 21 Novemba

Fundi Charles amekuja kutoka Ushirombo, na viatu vyeupe katika matope haya. Ameondoa mfuniko wa nyuma, akatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani. Akagusa waya wa kwanza, kitaa kikawaka. Wa pili, kikawaka. Wa tatu, kikawaka.

"Moto upo kote," akamwambia Sista Serafina, ambaye ndiye mkuu wa kituo. "Hita imekufa."

"Imekufaje? Haina miezi sita."

Charles akanitazama mimi. "Hawa akina mama wanaijaza nguo zinazotiririka maji. Hita inazidiwa, inakata."

Nikasema hatujawahi kuijaza. Nikasema Cornel aliweka alama ya kalamu ndani ya pipa na hatujawahi kuipita. Sista akasema, "Tutaona." Nikamwuliza Charles kama haangalii na kabati la umeme, lile lililo stoo ya wodi ya wazazi. Akasema limefungwa, funguo anazo Boaz, na moto ukishafika kwenye mashine huko kabatini anakwenda kutafuta nini?

Jioni nimempigia Cornel. Akauliza, "Alipima na nini?" Nikasema testa. Mawe yakasagwa kwanza. "Testa hudanganya. Mwambie arudi na mita, apime waya kwa waya." Nimempigia Charles. Amesema mzee wa makarasha asimfundishe kazi.

Hita mpya imeagizwa Mwanza.

Jumatano, 22 Novemba

Sista ameniita ofisini, akafunga mlango, na yeye huwa hafungi mlango. Kamati ya afya ya jimbo inakuja tarehe kumi na saba Januari kukagua vitu vya msaada. Draya ikiwa haifanyi kazi itapelekwa hospitali nyingine yenye watu wanaojua kuitunza, na ripoti lazima iseme imeharibika kwa sababu gani.

"Na sababu ni ipi, Sista?"

"Fundi amesema. Mimi sijasema."

Miaka kumi na tisa. Sijawahi kupoteza hata foronya.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Thelathini na moja. Vumilia kaungua kidole kwa pasi.

Ijumaa, 1 Desemba

Mvua.

Jumanne, 5 Desemba

Hita imefika na basi la jana, imefungwa kwenye boksi la biskuti. Charles ameifunga asubuhi, ameimba wakati wote wa kazi. Sista alikuwepo, Rhoda alichungulia. Nimewasha mwenyewe. Pipa likazunguka. Nikasubiri dakika tano, kumi, robo saa, mkono wangu umeegemea mlango wa kioo kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Baridi. Hata vuguvugu hakuna.

Charles akaacha kuimba. Akasema basi mashine yenyewe ni mbovu tangu ilikotoka, au imeungua ndani kwa kuzidiwa. Akaosha viatu vyake kwenye karo langu, akaondoka. Nimekaa kwenye kapu la nguo chafu nikalia kidogo. Vumilia amejifanya anakunja.

Ijumaa, 8 Desemba

Leo Vumilia ameniambia kitu alichokuwa anakificha wiki nne. Ile jioni ya radi alipokuwa anatoka alimwona Boaz akitoka stoo ya wodi ya wazazi na waya amezungusha begani, chini ya koti, anatembea haraka.

"Mbona hukusema?"

"Nilijua ni kazi zake za siku zote, mama. Lakini sasa nafikiri. Waya wa shaba una soko machimboni. Na kesho yake akaondoka."

Nimefikiri mchana kutwa. Radi, giza, kila mtu na lake, na mtu mwenye funguo zote. Halafu anakuja kwangu na hadithi ya kuomba moto, na jiko haligusi. Alikuwa anachungulia kama nimeshaondoka! Kadiri ninavyofikiri ndivyo kila kitu kinavyokaa mahali pake. Boaz huyu nimekula naye ugali miaka saba.

Saa tisa nimekwenda kwa Sista nikamwambia. Sikusema "labda". Nilisema, "Sista, muulizeni Boaz waya aliupeleka wapi." Sista akasema hatamuuliza mtu kitu mpaka fundi wa kuaminika athibitishe, ila Boaz asirudi kazini kwanza. Ametuma ujumbe kwa katekista wa Runzewe kwamba Boaz akae huko mpaka aitwe.

Nimerudi nikafua. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Novemba, naandika ukweli.

Jumanne, 12 Desemba

Siku mbaya kuliko zote. Saa nne asubuhi ameletwa mama wa miaka kumi na tisa, mtoto amekaa vibaya, anahitaji kupasuliwa. Daktari yupo, damu ipo, umeme upo. Nguo za upasuaji hazipo. Seti mbili zilitumika jana, zimefuliwa usiku na Vumilia, na zilikuwa zinatona maji kwenye kamba ya ukumbini. Haziwezi kuingia kwenye mashine ya kuua vijidudu zikiwa hivyo.

Rhoda akaja mwenyewe, hakutuma mtu. "Mama Edson, nipe nusu saa. Unaweza?"

Tuliwasha majiko mawili. Mimi pasi moja, Vumilia pasi nyingine. Ukikausha gauni la upasuaji kwa pasi, kitambaa kinatoa mvuke mpaka macho hayaoni, na ile mishono minene ya kwapani haikauki hata uisemeshe. Nusu saa ikaisha tukiwa na gauni moja na mashuka mawili. Daktari alisimama mlangoni akatutazama, akasema tu, "Washeni gari."

Wamempeleka Ushirombo kwenye mvua. Niliwaona wakimpandisha, mkwewe ameshika mwavuli uliovunjika mbavu. Saa kumi Rhoda alipiga simu, wamefika, amepasuliwa, mama mzima na mtoto mzima. Nilikuwa bado nimeshika pasi iliyopoa.

Rhoda alipita jioni, akakaa kwenye kapu bila kukaribishwa. Sikujua kama anakuja kugomba. Akasema, "Umechoka, mama." Nikasema ndiyo. Akasema na yeye. Tukakaa. Akaniambia Nyamizi ameruhusiwa wiki iliyopita, mtoto ameongezeka, ananyonya kwa fujo. Alikaa kwenye kitanda cha joto majuma matatu bila umeme kuyumba hata mara moja. Nikasema afadhali kuna mashine moja kituoni inayopasha.

Nikamlaani Boaz moyoni njia nzima ya nyumbani.

Jumapili, 17 Desemba

Misa. Sikuomba kitu.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Mashuka hayajui sikukuu. Edson amepiga simu kutoka Kahama, nimemwambia sijambo.

Alhamisi, 28 Desemba

Nilipopeleka mapazia ofisini nimeona ripoti ya kamati mezani, nusu imeandikwa. Sikupaswa kusoma. "Mashine ya kukaushia nguo: haifanyi kazi. Chanzo: matumizi yasiyo sahihi au wizi wa vifaa (inachunguzwa)." Mimi au Boaz, basi. Nimejikuta naomba awe Boaz.

Jumanne, 2 Januari 2024

Cornel amepiga mwenyewe. Makarasha yamesimama, mashimo yamejaa maji. Anakuja keshokutwa na pikipiki. "Mtu asiguse kitu," amesema.

Alhamisi, 4 Januari

Naandika haya saa moja jioni.

Cornel alifika saa tatu, matope mpaka kifuani, koti la plastiki, begi dogo la ngozi. Hakutaka hata chai. Sista akaja, Rhoda akaja, Vumilia akaacha karo. Mzee aliwasha draya ikazunguka, akatoa mita yake yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Akagusa waya wa bluu na ule wa nne usio na moto, akasoma volti mia mbili thelathini. Akagusa wa njano na ule usio na moto, karibu vilevile.

"Si hapo sasa," Sista akasema. "Moto upo."

"Subiri, Sista." Akaweka ncha moja kwenye wa njano na nyingine kwenye wa bluu. "Soma hapa. Hizi zikiwa nzima zinasoma mia nne."

Sista akainama. "Sifuri."

"Umeona? Zinaonekana mbili, kumbe ni moto mmoja. Huu wa njano hauletewi kitu. Unapitishiwa na mwenzake kupitia hita, ndiyo maana testa ya yule kijana iliwaka. Hita haikufa. Hata ile ya kwanza ilikuwa nzima. Na hakuna aliyejaza nguo." Akanitazama. "Mama Edson hana kosa."

Hiyo sentensi nilikuwa naisubiri tangu tarehe ishirini na moja Novemba. Nilishika meza.

"Sasa tufuate waya," akasema, "tuanzie unakotoka."

Sista alikuwa na funguo za akiba, ambazo Charles hakuwahi kuziomba. Tukaenda wote stoo ya wodi ya wazazi. Njiani nilikuwa nafikiri jambo moja tu: hapo ndipo tutakapoona Boaz alipokata. Nilitaka Sista aone kwa macho yake. Cornel akafungua kabati, akawasha tochi.

Hapakuwa na kilichokatwa. Waya wa njano wa draya ulikuwa umefunguliwa kwenye breka yake, ile swichi ya kukata umeme, ncha imezungushiwa utepe mweusi vizuri, umekunjwa pembeni. Mahali pake umefungwa waya mwingine, unaoshuka kwenda wodini kwenye vitanda vya joto vya vichanga. Pale ulipokuwa mfupi ameunganisha kipande kingine. Ndio ule waya aliouona Vumilia, Boaz akiupeleka wodini, na uliobaki ulikuwa umekunjwa chini ya kabati. Kazi safi, Cornel mwenyewe alisema ni kazi safi. Upande wa wodi ulikuwa umekufa siku ile ya radi, upande wa dobi uko hai, basi mtu ameazima fezi ya dobi, yaani waya mmoja wa moto, akaipa wodi. Mafundi hufanya hivyo kila siku.

Na kwenye breka palibandikwa kipande cha plasta ya kidonda, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Sista akavaa miwani akasoma kwa sauti:

"Huu ni moto wa dobi. Tumeazima kwa ajili ya vichanga. Mama Edson karuhusu, 13/11. Wetu ukirudi arudishiwe. Boaz."

Wote wakanigeukia.

"Mwongo!" nikasema. Nilisema kwa sauti, wodini wakasikia. "Mimi sijaruhusu mtu kitu! Sijui hata kabati hili linafunguliwaje! Nina daftari. Kila siku nimeandika. Ngojeni niwaletee, mtaona tarehe hiyo kama kuna kitu kama hicho."

Nikatoka mbio kwenye mvua, mimi na magoti yangu. Nikalichukua daftari juu ya rafu ya sabuni, nikafungua tarehe kumi na tatu Novemba, nikasoma nimesimama.

Naomba moto. Wodini hawana.

Chukua wote, mimi nimemaliza kazi.

Ni mwandiko wangu. Mimi niliona jiko la mkaa, kwa sababu tangu nikiwa mtoto jirani akija na kusema naomba moto anataka kaa la kuwashia lake. Boaz aliniomba umeme. Nami nilikuwa nimemwonyesha kwa kidevu, na nyuma ya jiko, ukutani, ndipo ilipo draya. Aliuliza kabisa kama sitauhitaji tena. Na siku mbili baadaye Cornel akanifundisha maana ya neno lenyewe kwenye simu, nikaliandika hapa kwa kalamu hii hii, nisisahau, na sikurudi nyuma ukurasa mmoja.

Nimesema nitaandika ukweli: nilishika ule ukurasa nikafikiria kuuchana. Hakuna aliyeuona. Plasta ingebaki neno la Boaz, na mimi ningebaki na langu. Nilifikiria kwa muda wa kutosha mpaka Vumilia akaniita.

Nikarudi stoo nikampa Sista daftari, limefunguliwa. Akasoma, akampa Rhoda, Rhoda akampa Cornel. Cornel ndiye alianza kucheka, mabega yanaruka. Sista naye akacheka mpaka akavua miwani. Hata mimi mdomo ulinitoroka. Rhoda peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama ule waya unaoshuka wodini.

"Majuma matatu," akasema. "Mtoto wa Nyamizi. Na mimi nikakuletea shuka kwa vidole viwili."

Halafu Sista akavaa miwani, akauliza, "Na Boaz?"

Hapo kicheko kikaisha. Boaz amekaa Runzewe tangu likizo yake ilipokwisha, anaambiwa subiri uitwe, hajui kosa lake. Huku kituo kizima kinajua ni mwizi wa waya, na aliyesema ni mimi.

"Ni mimi, Sista," nikasema. "Nilimpa mwenyewe, halafu nikamwita mwizi."

Rhoda alimtoa kichanga aliyekuwa kwenye kitanda cha joto, akampa mama yake amweke kifuani, Cornel akazima, akarudisha kila waya kwake. Upande wa wodi ulikuwa umepona tangu kesho yake ya ile radi, ulikuwa hauna mtu wa kuukumbuka. Dakika kumi tu. Nikawasha draya. Robo saa baadaye nilifungua mlango, joto likanipiga usoni, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Ijumaa, 5 Januari

Sista amesema barua ya kumwita Boaz niandike mimi. Nimechana karatasi tatu. Ya nne ni fupi. Nimewaambia pia Vumilia, mpishi, na yule mama wa kuuza vitumbua getini, kwa sababu huko ndiko neno lilikofika.

Jumatatu, 8 Januari

Mvua. Saa mbili hadi saa tisa. Mashuka hamsini na nane. Ripoti imeandikwa upya, nimesomewa.

Jumanne, 9 Januari

Amekuja. Amekonda. Alisimama mlangoni palepale, na mvua ileile.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia, niliona siistahili. Nikamwambia yote, kuanzia jiko mpaka kwa Sista, hata ule ukurasa niliotaka kuuchana. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anachezea zile funguo zake, ambazo Sista amemwachia.

"Nilijua unajua, mama," akasema baadaye. "Siku zote nikiwa nalima nilikuwa nawaambia nyumbani, huyo mama aliacha kukausha nguo zake ili mtoto wa watu apate joto. Halafu nikaambiwa nisirudi. Nikasema labda mtoto alikufa, wananificha."

"Hakufa. Ananyonya kwa fujo."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Akaingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa koleo la mpishi.

"Mama, naomba moto. Jikoni kuni zimelowa."

"Upi?" nikamwuliza.

Akanyanyua koleo juu nilione. Nikaweka chini mzigo wangu, nikamchotea mwenyewe kutoka jiko la pasi, wote.

Draya: saa mbili hadi saa nane. Mashuka sitini na moja. Ina joto.